Marejesho ya Marehemu Sikudhani

Ipo nchi, wala si hii yetu, Mungu atuepushe, ambako mtu akifilisika huhesabiwa kuwa amekufa. Sisemi kwamba majirani humsengenya au kwamba mabenki humkunjia uso. Anakufa kisheria, kwa muhuri, na kifo chake hutangazwa redioni kati ya habari za michezo na hali ya hewa. Watu humpa pole kwa kufariki kwake, na akiwa mtu wa adabu huipokea na kusema ahsante.

Chanzo chake hakikuwa ubaya. Miaka mingi iliyopita wafadhili walisema hawatatoa mkopo mwingine mpaka nchi iwe na Sheria ya Kufilisika. Ikaundwa kamati ya wajumbe kumi na wanane, ikapelekwa kwa siku tano kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikalipwa posho ya kukaa, posho ya kufikiri na posho ya kuwa mbali na familia. Siku nne zilikwisha katika kujadili rangi ya jalada. Siku ya tano basi la kuwarudisha mjini lilikuwa limekwisha kuwashwa, ndipo katibu alipokumbuka kwamba ndani ya jalada hamna kitu. Mkobani mwake alikuwa na Sheria ya Mirathi na Mazishi, kwa kuwa alikuwa na kesi ya shamba la baba yake. Akaitoa, akaivika jalada jipya, akasema atakwenda kubadilisha maneno machache akifika ofisini. Alipofika ofisini, Bunge lilikuwa limeshaipitisha kwa makofi.

Mkuu wa Nchi akaitia sahihi hadharani kwa kalamu ya dhahabu. Baada ya hapo, kusema sheria ina kosa kungekuwa ni kusema kalamu ile ilikosea, na hakuna aliyekuwa na watoto wa kusomesha aliyethubutu kusema hivyo. Serikali ikaona ni nafuu kuzika watu kuliko kusahihisha karatasi.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Sikudhani Mshangama, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mkodishaji wa viti, maturubai na masufuria ya shughuli. Ukioza mwana, ulikaa kwenye viti vyake. Ukifiwa, ulikaa kwenye viti hivyo hivyo, ila siku hiyo hakukudai malipo ya awali. Alianza na viti sita vyeupe vya plastiki alivyonunua baada ya kuuza kitanda alichoachiwa na mama yake, akalala kwenye mkeka miaka mitatu. Kwa kuwa viti vya plastiki hufanana, na watu wa shughuli husahau kurudisha vitu kwa makusudi, kila kiti alikitia alama chini ya kalio kwa msumari wa moto: duara, na pembeni yake namba. Kile cha kwanza kabisa hakikuwa na namba. Kilikuwa na duara na mstari mmoja tu wa kukata katikati, maana siku ile hakujua kama kutakuwa na vingine vya kuhesabu.

Kilichomuua ni heshima. Serikali ilimteua, kati ya wakodishaji wote wa mji mkuu, atoe viti kwa Maadhimisho ya Miaka Ishirini ya Maadhimisho. Vilihitajika viti elfu mbili, naye alikuwa na mia nane. Akakopa benki, akanunua vilivyopungua, akavitia alama kimoja kimoja mpaka vidole vikababuka. Sherehe ilifana. Mgeni rasmi alihutubia saa nne juu ya umuhimu wa kubana matumizi, na Bi Sikudhani akapewa Hati ya Shukrani yenye fremu na kioo. Alipouliza malipo, aliambiwa yako kwenye mchakato.

Idara ya Kodi na Shukrani haikuwa na mchakato. Ilisoma gazetini kwamba mwananchi fulani amepata zabuni, na kesho yake asubuhi maofisa wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vyake wakidai kodi ya malipo yale. Akawaambia bado hajalipwa. Wakamwambia Idara inampongeza kwa zabuni na inasubiri. Bi Sikudhani alikuwa mtu anayeogopa karatasi yoyote yenye nembo. Akalipa kodi hiyo kwa kilichosalia cha mkopo wa benki. Miezi minane baadaye benki ikampeleka mahakamani.

Hakimu alisoma hukumu akiwa amevua miwani kwa heshima. Alisema Sikudhani Mshangama amefariki dunia ya fedha saa nne na robo asubuhi, na mali yake yote ikabidhiwe Kabidhi Mkuu. Kisha akamtazama marehemu, aliyekuwa amesimama mbele yake ameshika pochi kwa mikono miwili.

"Pole sana kwa msiba, mama," akasema.

Bi Sikudhani alisema ahsante.

*

Matanga yaliwekwa kwenye ukumbi wa Ofisi ya Kabidhi Mkuu wa Marehemu wa Fedha. Mwenye cheo hicho aliitwa Bwana Lumbwe, mtu mnene, mpole wa maneno, aliyetembea na leso tatu: moja ya jasho, moja ya machozi na moja ya kukaa mfukoni mwa koti ili ionekane. Hakuwahi kumpandishia sauti marehemu yeyote. Wengi walisema hawajawahi kuzikwa vizuri namna ile.

Mnada wa mali ulikuwa umefanyika siku ile ile ya hukumu, mchana, wakati Bi Sikudhani akitafuta usafiri wa kurudi nyumbani. Saa ya mnada ilikuwa imetangazwa kwa mtu mmoja, naye alikuwa shemeji yake Bwana Lumbwe. Alinunua viti vyote elfu mbili kwa bei ya viti ishirini, akashukuru. Jioni yake Ofisi ikatafuta mtu wa kukodisha viti vya matanga na, kwa bahati njema, shemeji alikuwa navyo. Vikakodiwa viti mia tatu. Waombolezaji walikuwa kumi na mmoja, lakini Bwana Lumbwe alieleza kwamba sheria inaitaka Ofisi iwe tayari kwa wageni wa kutoka mbali, na hakuna ajuaye umbali wa huzuni ya mtu mwingine. Vingebaki pale hadi mwisho wa eda.

Maana eda ilikuwepo. Sheria ile, kwa vile ilikuwa ya mazishi, ilimtaka aliye karibu zaidi na marehemu akae miezi minne na siku kumi bila kununua, kuuza, kutia sahihi wala kupokea fedha. Kabidhi aliuliza, kama ilivyo desturi, ni nani aliye karibu zaidi na marehemu. Ilibidi Bi Sikudhani anyooshe mkono. Akatandikiwa mkeka pembeni, chini, na kwa siku tatu, kabla ya kuruhusiwa kwenda kumalizia eda nyumbani, akayatazama kwa usawa wa macho makalio ya viti vyake mwenyewe, na alama zake chini ya kila kimoja.

Jirani yake Mwanamkasi, muuza vitumbua, alikuja na fedha kidogo zilizofungwa kwenye pindo la khanga, akataka kumtia shoga yake mkononi. Karani akamwahi. Alimweleza kwa upole kwamba fedha yoyote inayomwendea marehemu ni rambirambi, na rambirambi ni mali ya mirathi. Akaipokea yeye, akamwandikia stakabadhi. Mwanamkasi aliitazama stakabadhi ile mbele na nyuma, akauliza kama na yeye sasa amekufa. Karani akasema bado, lakini aangalie anavyotumia fedha zake.

*

Lakini jambo lililomnyima Bi Sikudhani usingizi halikuwa viti. Lilikuwa jicho.

Mwezi mmoja kabla ya hukumu alikuwa ameanza kuona duara za rangi kuzunguka taa, na upande wa kushoto watu walimtokea ghafla bila kuwaona wakija. Daktari wa macho alimpima, akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeliwa sana, na kilicholiwa hakirudi. Lililobaki lingeweza kuzuiwa kwa upasuaji wa macho yote mawili, ila isipite miezi sita, maana la kulia nalo lilikuwa limekwisha kuanza. Gharama ilikuwa ngwenje laki saba, ngwenje ikiwa ndiyo fedha ya nchi ile. Bi Sikudhani alikuwa amecheka kidogo, kwa kuwa siku hizo laki saba zilikuwa malipo ya harusi mbili. Akasema atarudi akishalipwa fedha za Maadhimisho.

Siku ya ishirini ya eda ikaja barua yenye nembo ya Idara ya Kodi na Shukrani. Aliifungua akidhani amekufa tena. Barua ilisema Idara imefanya ukaguzi, imebaini kwamba alilipa kodi ya malipo ambayo hakulipwa, na kwamba kwa mujibu wa utaratibu anastahili kurejeshewa ngwenje laki nane na nusu. Chini iliandikwa kwamba Idara inamshukuru kwa uvumilivu wake.

Aliisoma mara mbili, mara ya pili akiwa ameziba jicho la kushoto kwa kiganja. Kisha akalia. Alilia kwa furaha, jambo ambalo hakulitarajia tena katika umri wake, na Mwanamkasi aliposomewa laki nane na nusu akapiga kigelegele, akakikatisha katikati alipokumbuka kwamba wako msibani. Wakakaa wakipanga. Laki saba za hospitali, nauli, dawa ya matone, na kitakachobaki viti kumi vya kuanzia upya eda ikiisha. Alikuwa hajapanga kitu kwa muda mrefu na mwili wake wote uliona raha.

Kesho yake alikuwa dirisha namba tisa. Binti aliyekaa nyuma ya kioo alisoma barua, akaangalia kwenye kompyuta, akainua uso kwa masikitiko.

"Huyu Sikudhani ni nani wako?"

"Ni mimi."

"Sikudhani amefariki, mama. Inaonyesha hapa, saa nne na robo."

Bi Sikudhani alitoa kitambulisho. Binti alikilinganisha na uso wake kwa muda mrefu, akakubali kwamba wanafanana sana, akauliza kama marehemu aliacha idhini ya maandishi kwamba fedha apewe yeye. Bi Sikudhani akasema anaweza kuiandika sasa hivi. Binti akasema idhini ya marehemu lazima iwe imeandikwa kabla ya kifo, la sivyo watu wangekuwa wanakufa na kuendelea kuandika.

Hakuwa binti mbaya. Alitazama nyuma kama msimamizi wake yupo karibu, akainama kwenye kitundu cha kioo, akamweleza kwa sauti ya chini. Kodi inayorejeshwa ni ya mwaka gani? Ya mwaka wa Maadhimisho. Basi ni ya kabla ya kifo, kwa hiyo ni mirathi na inakwenda kwa Kabidhi. Ingekuwa ya baada ya kifo, ingekuwa yako.

Bi Sikudhani akauliza, na mtu baada ya kifo analipaje kodi ili arejeshewe?

Binti alifikiri. Akasema hilo hajawahi kuulizwa, akamwita aliyekuwa nyuma kwenye foleni.

*

Bwana Lumbwe alimkaribisha kwa chai. Aliposikia habari ya marejesho alitabasamu kwa dhati, maana alikuwa ameshaipokea fedha ile juzi yake. Akasema ni nadra sana marehemu kufanikiwa namna hiyo, na Ofisi inajivunia.

Bi Sikudhani hakuonja chai. Aliiweka barua ya daktari mezani, akaeleza kila kitu kwa mpangilio, miezi sita, la kushoto, la kulia, laki saba. Alisema hataki fedha ipite mkononi mwake kama ni kosa. Walipe wenyewe hospitali, yeye apelekwe kama mzigo na kurudishwa kama mzigo. Alikuwa amejizoesha maneno hayo njiani na alipofika mwisho wake pumzi zilikuwa zimemwishia.

Bwana Lumbwe alisoma barua mpaka sahihi. Akatoa leso ya machozi, akaitumia, na sina sababu ya kusema machozi hayakuwa ya kweli.

"Mama yangu," akasema, "sheria ina mpangilio wake wa mirathi, na mimi ni mtumishi tu. Kwanza gharama za mazishi. Pili Ofisi. Tatu Serikali. Nne waliomdai marehemu. Kinachobaki kinakwenda kwa marehemu mwenyewe, na mimi binafsi nitakukabidhi kwa mikono hii miwili. Ila matibabu hayamo. Nani amewahi kumtibu marehemu?"

"Jicho langu halijafa, Bwana Lumbwe."

"Ndiyo maana napata tabu kulipangia kifungu," akasema, na akaonekana kweli kupata tabu.

Akaahidi kuandika wizarani kuomba mwongozo. Aliandika. Wizara ikajibu baada ya wiki tano, ikauliza ni jicho lipi. Ofisi ikajibu yote mawili. Wizara ikasema basi yafunguliwe majalada mawili.

Mwanamkasi, kwa upande wake, hakuwa na subira ya majalada. Alizunguka na bakuli mtaani, kwa wauza mkaa, kwa mafundi cherehani, kwenye msikiti na kwenye kanisa, akiwaambia watu ni mchango wa macho ya Sikudhani. Watu walitoa, maana nani hakuwahi kukaa kwenye viti vyake? Zikafika karibu laki mbili. Jioni ile ile karani wa Kabidhi akafika mlangoni na kitabu cha stakabadhi, akatoa pole, akachukua rambirambi. Wiki iliyofuata watu walipoona bakuli walifunga madirisha, kwa aibu na kwa hofu pia.

Miezi ikawa inakwisha. Bi Sikudhani alimimina chai pembeni ya kikombe na kugundua ilipomwunguza goti. Aliacha kuvuka barabara peke yake. Asubuhi moja aliamka, akaziba jicho la kulia kama alivyozoea kujipima, akasubiri dirisha lionekane, na dirisha halikuonekana. Alikaa kitandani hivyo hivyo, kiganja usoni, mpaka Mwanamkasi alipokuja na vitumbua. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama nje kumekucha.

Daktari alisema la kushoto limekwisha. La kulia bado lingeokolewa, zikiwahi kupatikana hizo fedha kabla ya mvua, na akaonyesha kwa vidole vyake udogo wa tundu ambalo Bi Sikudhani sasa alikuwa anaonea dunia. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mgao wa mirathi ulikuwa wiki mbili mbele. Bi Sikudhani alijishikilia kwenye hiyo wiki moja iliyozidi.

*

Siku ya mgao ukumbi ulipambwa. Viti mia tatu vilikuwa pale pale, vimeshika vumbi la miezi minne, na waombolezaji walikuwa wale wale kumi na mmoja, tisa kati yao wakiwa watumishi wa Ofisi. Kwenye meza ya warithi alikaa mwakilishi wa benki na mwakilishi wa Idara ya Kodi na Shukrani, ambayo ilikuwa imetoa fedha kwa mkono mmoja na sasa imekuja kuirithi kwa mkono mwingine. Mwanamkasi alizuiwa mlangoni kwa sababu hakuja na rambirambi mpya.

Kwa kuwa eda ilikuwa imekwisha, Bi Sikudhani hakulazimika tena kukaa kwenye mkeka. Alipapasa kiti cha karibu, akakaa.

Bwana Lumbwe alisimama, akatumia leso ya jasho na kisha ya machozi.

"Ndugu waombolezaji," akasema, "marehemu alikuwa mtu wa watu. Ameacha pengo. Nafurahi kuwatangazia kwamba pengo hilo tumelijaza kwa mujibu wa sheria."

Karani akaanza kusoma. Ngwenje laki nane na nusu, marejesho ya kodi. Laki mbili na ushei, rambirambi. Toa: tangazo la redio. Toa: chai ya waombolezaji. Toa: leso, dazeni mbili. Toa: majalada ya macho, mawili. Toa: ukodishaji wa viti mia tatu kwa siku mia moja na thelathini.

Bi Sikudhani alikuwa akisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama wanavyofanya watu walioanza kuona kwa masikio. Mkono wake wa kulia, bila kuambiwa na mtu, ulikuwa umeteremka chini ya kalio la kiti. Ni mazoea ya miaka mingi ya kukagua vilivyorudi kutoka kwenye shughuli. Vidole vilipita kwenye duara. Vikatafuta namba, havikuipata. Vikarudi, vikapata mstari mmoja wa kukata katikati.

Karani alifika mwisho. Baada ya viti kulipiwa hakuna kilichobaki kwa Ofisi, wala kwa Serikali, wala kwa benki. Zaidi ya hapo zilikuwa zimepungua ngwenje elfu kumi na mbili za viti, ambazo marehemu alikuwa anadaiwa. Kwa kuwa hakuwa na cha kulipia, alikuwa amefilisika upya. Bwana Lumbwe aliangalia saa yake ya mkononi, akaandika saa tano na dakika ishirini, akatangaza eda mpya ya miezi minne na siku kumi, na akamwomba shemeji yake asiviondoe viti.

"Pole sana kwa msiba, mama," akasema. Kisha, kwa kuwa utaratibu unataka hivyo: "Kuna mwenye neno?"

Bi Sikudhani alisimama. Kila mtu alidhani atalia, na karani akasogeza leso moja ya dazeni ile. Akageuka, akakiinua kiti, akakipachika kwapani.

"Unakwenda wapi na kiti, mama?"

"Nyumbani."

"Kiti kina mwenyewe," akasema Bwana Lumbwe, kwa mara ya kwanza sauti ikimpanda. "Askari, kamata mwizi huyo."

Askari wa mlangoni alichomoa fomu ya ukamataji na kalamu, maana hata katika nchi ile mtu hakamatwi bila fomu. Akauliza jina la mtuhumiwa. Bwana Lumbwe alifungua mdomo alitaje, ndipo karani alipomvuta mkono wa koti na kumnong'oneza. Alinong'ona vibaya, ukumbi mzima ukasikia.

"Mheshimiwa, akiandikwa jina hapo, atakuwa yuko hai. Akiwa hai, matanga hayakuwepo. Na kama matanga hayakuwepo, ile laki nane na nusu ni yake, na viti vya shemeji vililipiwa kwa fedha gani?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Mwakilishi wa benki alitazama dari. Bwana Lumbwe akatafuta leso ya tatu, ile isiyotumika, akajifuta nayo midomo.

"Mwacheni," akasema. "Hapo hakuna mtu."

Askari alikunja fomu. Bi Sikudhani akaanza kutembea na kiti chake. Alielekea alikodhani uko mlango, akagonga ukuta chini ya picha ya Mkuu wa Nchi. Akarudi nyuma, akajaribu upande wa kulia kidogo, akagonga tena. Waombolezaji kumi na mmoja walimwona. Yule wa Idara ya Kodi na Shukrani alinyanyuka nusu, kama mtu anayetaka kumwonyesha njia mama yake, akatazamwa na Bwana Lumbwe, akakaa. Haiwezekani mtumishi wa umma kumshika mkono mtu ambaye hayupo.

Basi akakishusha kiti, akakisukuma mbele yake, miguu ya kiti ikikwaruza ukuta hatua kwa hatua, mpaka iliposukuma hewa. Huo ndio ulikuwa mlango.

Nje jua lilikuwa kali na Mwanamkasi alikuwa bado amesimama na beseni lake la vitumbua likiwa tupu. Alimkimbilia.

"Wamekupa?"

Bi Sikudhani alikuwa amehesabu zile wiki mbili siku baada ya siku, na alikuwa ameshafunga nguo za hospitali kwenye mfuko ulioko nyuma ya mlango wake. Aliushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili akalia pale mbele ya ofisi, waziwazi, watu wakipita.

"Wamenizika tena," akasema alipoweza.

Mwanamkasi alimfuta uso kwa pindo la khanga. Akainama achukue kiti ambebee, kwa kuwa njia ya nyumbani ilikuwa ndefu na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani.

"Wewe nishike mkono tu, shoga," akasema Bi Sikudhani. "Kiti nitabeba mwenyewe."